Mifuko ya chaza ya Ufaransa na nguzo za Jinja

SWALI

Mama, habari za kazi. Mimi ni fundi, nina karakana ndogo hapa Walukuba, Jinja. Tuko vijana wanne. Tunayeyusha madumu chakavu kwenye pipa, tunamimina kwenye kalibu na kutoa nguzo za uzio. Kwa wiki tunatoa nguzo 30, kila moja kilo 12. Shida yetu ni madumu yenyewe: wanunuzi wamekuwa wengi na bei imepanda. Mpwa wangu yuko Arcachon, Ufaransa, anafanya kazi kwa mfugaji wa chaza. Anasema kila mwaka wanatoa marundo ya mifuko ya plastiki iliyozeeka, myeusi, plastiki namba 2 kama madumu yetu, na tajiri wake ataitoa bure mradi mtu aje aiondoe. Nimeanza kuulizia bei ya kontena. Picha nimeziambatanisha. Je, mpango huu unawezekana? Nina akiba kidogo na sitaki kuipoteza.

Fundi wa Walukuba

JIBU

Mwanangu, akiba yako iache hapo ilipo kwanza. Barua nimeisoma mara mbili, na picha zote tano nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona nilichokuwa nakitafuta. Kwenye picha ya tatu kuna rundo la mifuko limeegemezwa ukutani. Kila mfuko umeshika vipande vya magamba na matope yaliyokauka, na pembeni unaning'inia uzi mnene wa buluu. Jibu langu karibu lote linatoka kwenye picha hiyo.

Kwa wasomaji wa huku bara ambao hawajapata kumwona chaza: ni mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, ndugu wa kome wa ziwani. Pale Arcachon wanamfuga ndani ya mifuko ya wavu mgumu wa plastiki, inayolazwa juu ya meza za chuma mahali ambapo maji hupwa na kujaa. Maji yakipwa, wafanyakazi hushuka kuigeuza na kuitikisa ili chaza wasigandamane. Chaza hukaa humo miaka kama mitatu hadi kuuzwa, na mfuko hutumika tena na tena, juani na chumvini, mpaka uchoke.

Kuhusu plastiki, mpwa wako amesema kweli. Mifuko ya namna hiyo ni poliethilini nzito, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini ya dumu. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na weusi wake ni masizi yanayotiwa kwa makusudi ili jua lisiile upesi. Kama ningetazama aina ya plastiki peke yake, ningekuambia nenda. Taka ya aina moja, inayotoka mahali pamoja, kwa wingi, kila mwaka! Sisi wachuuzi wa plastiki ndicho tunachokitafuta usiku na mchana.

Lakini nimenunua na kuuza plastiki Kampala kwa miaka kumi na tisa, na hasara zangu kubwa zote zilitoka kwenye uchafu na kwenye safari. Siku moja nilinunua tani mbili za madumu ya mafuta ya kupikia kutoka ghala moja. Niliyapima yakiwa yamefungwa kwenye magunia, nikalipa kwa uzito huo. Tulipoyafungua, tukatoa mifuniko, lebo, mafuta yaliyoganda na mchanga ambao mtu alikuwa ameujaza ndani kuongeza uzito, nikabaki na kilo 1,380. Zile kilo 620 nilizilipia bei ya plastiki, nikazilipia gari, nikazilipia maji ya kuoshea, kisha nikalipia gari jingine la kuzipeleka jalalani. Wasichana wawili waliokuwa wakiniosheia nilichelewa kuwalipa mwezi mzima, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko zile fedha. Na madumu hayo yalikuwa ya Kampala hapa hapa.

Sasa yachukue magamba. Gamba ni chokaa. Chokaa iliyosagwa kuwa unga haina ubaya, viwanda huichanganya na plastiki kwa makusudi. Kipande kizima cha gamba ni jambo jingine: kikipita kwenye visu vya mashine ya kusagia, makali yanaondoka siku hiyo hiyo. Kikipenya mpaka ndani ya nguzo, hapo ndipo nguzo itakapokatikia siku ng'ombe atakapoiegemea. Matope yana unyevu, na unyevu ukipata moto unageuka mvuke, nguzo inatoka na matundu ndani wakati nje inang'aa. Chumvi nayo itatafuna kalibu zako za chuma polepole, na wewe utadhani kalibu ni mbovu.

Ule uzi wa buluu umenitia wasiwasi zaidi. Ukiwa ni wa nailoni, unayeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, mbali kabisa na hizo 130 zako. Utabaki ndani ya nguzo kama mwiba ndani ya samaki. Ukiongeza kuni ili uuyeyushe, plastiki yako yenyewe itaanza kuungua, na moshi mtauvuta ninyi wanne. Hili la pipa nalisema kwa uchungu: yeyusheni mahali penye hewa, upepo uwe mgongoni, na kipande chenye namba 3 kisiingie humo hata kwa bahati mbaya. Hiyo ni PVC, ikipata moto inatoa hewa ya asidi inayounguza kifua.

Tupige hesabu. Mfuko wa wavu ni mwepesi na umejaa hewa, kwa hiyo bila mashine ya kufunga marobota kontena linajaa kabla halijawa zito. Tuseme mashine ipo, na mmefaulu kupakia tani 10. Nikipiga kwa hasara niliyoipata kwenye madumu, karibu theluthi moja, unabaki na tani 7. Ninyi mnatumia kilo 360 kwa wiki. Tani 7 ni wiki 19 za kazi, basi. Kwa ajili ya wiki hizo 19 umelipa meli, umelipa bandari ya Mombasa, umelipa lori la zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Malaba, umelipa ushuru, na umetafuta mahali pa kuweka tani 10 za kitu kinachonuka uvundo wa bahari katikati ya nyumba za watu. Plastiki ya bure ya Arcachon itakufikia ikiwa ghali kuliko dumu la jirani yako.

Halafu kuna sheria, na hapa hakuna njia ya mkato. Tangu tarehe 1 Januari 2021, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, taka za plastiki chafu au zilizochanganyika haziruhusiwi kuvuka mpaka bila serikali ya nchi inayozipokea kukubali kwanza kwa maandishi. Umoja wa Ulaya umeongeza kufuli lake: kanuni yake ya mwaka 2024 inazuia taka za plastiki kupelekwa katika nchi zisizo wanachama wa OECD, ule umoja ambao wengi wake ni nchi tajiri, kuanzia tarehe 21 Novemba 2026, na Uganda si mwanachama. Kontena lenye magamba na matope halina namna ya kuitwa safi. Likikamatwa Mombasa, gharama za kulirudisha zitatafuta mtu wa kuzilipa, na jina kwenye karatasi litakuwa lako.

Mimi sheria hizo nazipenda, nikuambie wazi. Nilinunua plastiki kwa wanawake wa Kiteezi, lile jalala la Kampala. Niliwajua kwa sauti kabla sijawaona, kwa sababu walikuwa wakiitana kutoka juu ya ule mlima wa taka. Agosti 2024 mlima uliporomoka, ukafukia nyumba na watu waliokuwa ndani. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuna taka ya bure ng'ambo, swali langu la kwanza ni: kile kitakachobaki baada ya kuchambua kitalala wapi, na chini yake anaishi nani? Katika hesabu yako ni tani 3. Walukuba utaziweka wapi?

Je, mifuko ya chaza basi haiwezi kurejelezwa? Inaweza, kule kule inakotoka. Mfugaji akiiacha nchi kavu miezi kadhaa, jua na mvua huua viumbe walioshikamana nayo, magamba yanalegea na kudondoka ukiikung'uta. Nyuzi zinakatwa papo hapo na mtu anayejua ipi ni ipi. Wafugaji wa ghuba moja wakikusanya pamoja, lori linajaa kwa safari moja fupi. Usafi ufanyike shambani, kabla ya gari kuwashwa. Huo ndio ujuzi ambao mpwa wako anaweza kukutumia, na hauhitaji kontena.

Maana wewe, mwanangu, una shamba la maji mlangoni. Kutoka kwako hadi mwalo wa Masese ni mwendo wa bodaboda, na Ghuba ya Napoleon ina vizimba vya kufugia sato. Vizimba hivyo vina maboya ya mapipa ya buluu, ambayo ni namba 2. Vingi vina mabomba ya plastiki, na hayo pia mara nyingi ni namba 2. Vina nyavu, na hapo uwe mwangalifu, kuna za nailoni na kuna za poliethilini. Vina magunia ya chakula cha samaki, namba 5, ambayo hayayeyuki vizuri pamoja na madumu kwa sababu yanataka nyuzi 160 na zaidi. Hata hivyo usiyahesabu magunia hayo kuwa taka: mama wa makaa ameshayawekea oda. Ukimnyang'anya kwa kupandisha bei, umemharibia yeye biashara na wewe hujapata nguzo.

Maji yetu hayana chumvi. Kinachoshika kwenye mapipa ni ukungu wa kijani na konokono wadogo, brashi na jua vinatosha.

Fanya hivi. Chukua mizani yako, nenda Masese na mialo ya jirani, ongea na wenye vizimba, na kwa miezi mitatu pima kila kipande wanachokitoa. Usinunue kitu bado, pima tu na uandike kwenye daftari: kilo ngapi, namba ngapi, mwezi gani. Kipande usichokijua, kata kidogo, kitie kwenye ndoo ya maji safi yenye tone la sabuni. Namba 2 na namba 5 huelea, nailoni na PVC huzama. Kipande kilichoelea kikunje kwa nguvu; kikivunjika kama biskuti, jua limeshakimaliza na hakitakupa nguzo ya kutegemewa. Daftari likionyesha kilo 360 safi kwa wiki, nenda ukaulize NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu leseni ya kukusanya na kusafirisha taka, kisha uguse akiba. Likionyesha 100, hizo 100 zichanganye na madumu unayopata sasa, na karakana ibaki ya ukubwa wake. Niandikie miezi hiyo mitatu ikiisha, nataka kuziona namba hizo.

SWALI

Mama, nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, hapa Majanji, Busia. Vijana wakimaliza kubadilisha nyavu, zile kuukuu huzichoma pale pale ufukweni, moshi unakuja mpaka kwenye mukene wangu nilioanika mchangani. Nyingine huzikatakata na kuzitupa ziwani. Nimesikia nyavu zinaweza kuuzwa. Ni kweli?

Muuza mukene

JIBU

Dada, kwanza wasichome. Nailoni ikiungua hutoa sumu kali, sayanidi ikiwamo, na wewe unasimama hapo kutwa nzima na pengine una mtoto mgongoni. Nenda kwa mwenyekiti wa mwalo leo, mwambie mimi nimesema, na umwonyeshe gazeti hili.

Kuuza ni kweli, ila si hapa. Nyavu za nailoni hurejelezwa kwenye viwanda vikubwa vya kemikali ng'ambo, vinavyoirudisha nailoni kuwa malighafi yake ya mwanzo. Karakana ya mtaani haiwezi, na mtu akija kukuahidi bei nzuri kwa nyavu chafu, muulize anazipeleka wapi.

Vile vipande vidogo wanavyotupa ziwani ndivyo vinavyoniogopesha zaidi. Huko Hiroshima, Japani, wafugaji wa chaza hutumia vibomba vidogo vya plastiki kutenganisha magamba kwenye waya. Vinachomoka, vinaelea, na vinaokotwa kwenye fukwe za Hawaii, ng'ambo ya bahari nzima. Hakuna mashine itakayovirudisha. Ziwa letu halina pa kuvipeleka mbali, vinabaki kwetu. Watafiti walinunua sangara na sato katika soko la Mwanza, wakayapasua matumbo yao, na katika kila samaki watano mmoja alikuwa na plastiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Sasa, una mukene wako mchangani. Waombe vijana nyavu zenye macho madogo kabla hawajaziwasha. Zioshe, zianike, toa vipande vilivyooza. Chimbia nguzo nne, urefu wa kiuno chako, funga miti ya kuzunguka, tandaza wavu mara mbili ukiwa umekazwa vizuri. Hicho ni kichanja. Hewa inapita chini na juu, mukene wanakauka upesi, hawana mchanga, kuku hawafiki na mvua ikitisha unafunika turubai mara moja. Mukene asiye na mchanga analiwa na watu, mwenye mchanga anaishia kwenye chakula cha kuku, na bei zake unazijua kuliko mimi. Anza na vichanja viwili, na nyavu zenye macho makubwa wape wenye bustani za mboga hapo juu, wazungushie mbuzi wasiingie.