Nikaha kwanza, au viza kwanza?

SWALI: Assalaam alaykum, Mshauri. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, ninaishi Kisauni pamoja na binti yangu wa miaka 15. Mume wangu wa kwanza alinitaliki kwa maneno mbele ya wazee, na eda yangu ilikwisha zamani. Sasa nimeposwa na mwanamaji wa jeshi la Marekani, Mwislamu na raia wa huko, ambaye atakuja kwa likizo fupi kuonana na jamaa zangu. Wazee wanataka tuozeshwe papo hapo, kisha harusi ifanywe atakapopata likizo nyingine. Rafiki yangu aliyeko Marekani ananihimiza tuombe viza ya wachumba kwa kuwa, asemavyo, ni nyepesi. Je, tukifunga nikaha kisha tukaomba viza hiyo, kuna ubaya? Na binti yangu nitaweza kwenda naye?

Mwenye posa, Kisauni

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Ubaya upo, tena mkubwa, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya siku kuwekwa.

Viza ya wachumba, ile iitwayo K-1, hupewa watu ambao hawajaoana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu kama inavyoitambua ile ya kanisani au ya serikali. Kwa hiyo siku walii wako atakapomwozesha bwana huyo, hata kama hakujapigwa ngoma wala kupikwa pilau, wewe umekwisha kuwa mke wa mtu. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuiacha harusi ingoje miezi baada ya nikaha, lakini afisa wa ubalozi haulizi harusi, anauliza nikaha. Akijua kwamba nikaha imekwisha kufungwa, ombi la K-1 huanguka. Na ukimficha, umesema uongo katika maombi ya viza, kosa ambalo laweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote.

Basi chagueni njia moja. Kwa mke wa mwanajeshi, mimi naona ni bora nikaha itangulie, kisha mumeo akuombee kwa fomu I-130 ambayo raia humjazia mkewe. Rafiki yako hakukosea sana, kwa maana K-1 ina hatua chache mwanzoni. Hata hivyo, aingiaye kwa viza hiyo ni lazima aolewe ndani ya siku 90, kisha aombe makazi upya na alipe ada nyingine akiwa huko huko. Na mwanamaji hana mamlaka juu ya siku zake, kwani meli yaweza kupewa safari katikati ya siku hizo 90. Isitoshe, jeshi halimtambui mchumba. Mke husajiliwa katika daftari la familia za wanajeshi, liitwalo DEERS, kwa cheti cha ndoa, hata kabla hajaondoka Mombasa, na bima ya matibabu ya TRICARE hufuata usajili huo. Mumeo akihamishiwa Japani au Ujerumani, mke huweza kuingizwa katika amri yake ya uhamisho; mchumba hawezi.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni talaka. Umesema ulitalikiwa kwa maneno mbele ya wazee, na kwa dini huenda mambo yametimia, lakini Marekani hutaka hati ya kila ndoa iliyotangulia kuonyesha jinsi ilivyokwisha, yako na ya mchumba wako pia. Bila hati hiyo, nikaha mpya itaonekana imefungwa juu ya ndoa nyingine. Nenda katika Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa kabla mgeni wako hajafika, ukiwa na mashahidi waliokuwapo, uombe talaka ithibitishwe na upewe hati. Naye mwulize waziwazi kama ana mke mwingine, kwa kuwa sheria ya Marekani haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza ingalipo, hata kama dini inaruhusu.

Siku ya nikaha, bwana harusi awepo mwenyewe, asiwakilishwe na wakili wala asiozeshwe kwa simu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haikubali ndoa ambayo wawili hao hawakuwa pamoja wakati wa kuifunga, isipokuwa wawe wamekutana kimwili kama mume na mke baada yake. Nanyi mnajua kwamba kwetu bibi harusi mara nyingi hubaki ndani nyumbani huku nikaha ikisomwa msikitini. Kwa sababu hiyo msiiache likizo iishe kwa nikaha tu mkingojea harusi. Kaeni pamoja kama mume na mke, na mhifadhi karatasi yake ya likizo, mihuri ya pasipoti na picha. Cheti cha ndoa kisajiliwe kwa Msajili wa Ndoa, na jina lako liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Fatma wa hapa na Fatuma wa pale wamewachelewesha wengi.

Binti yako aweza kwenda. Kwa kuwa mtaoana kabla hajatimiza miaka 18, sheria inamhesabu kuwa mtoto wa kambo wa mumeo, ila aombewe kwa fomu I-130 yake mwenyewe, kwani jina lake kutajwa katika fomu yako hakutoshi. Mwombe baba yake ridhaa ya maandishi sasa, wakati bado mnasikilizana.

Kuhusu kipato, mdhamini wa kawaida hutakiwa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, bali mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mkewe au mtoto wake hutakiwa asilimia 100 tu. Mahojiano yatakuwa katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Cheti cha tabia njema cha polisi utakiomba kupitia eCitizen. Mchumba wako naye aende katika ofisi ya sheria ya kituo chake, ambako wanajeshi hupewa ushauri bila malipo, na kama kazi yake inagusa siri za jeshi, awaarifu wakubwa wake kuhusu posa hii kabla ya kupanda ndege.

Mkiingia Marekani ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, kadi zenu za makazi zitakuwa za masharti, za miaka 2. Katika siku 90 za mwisho kabla hazijaisha, wewe na mumeo mtawasilisha pamoja fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, kwa hiyo tarehe hiyo aijue mapema, kabla hajapangiwa safari ya baharini.