Jibu: Kidirisha cha paa kinavuja ubavuni

Jambo ndugu. Unasema kidirisha ulichoinua juu ya paa la bati kinavuja ubavuni kila mvua ikipiga, na silikoni haisaidii. Usiongeze nyingine. Bati linatanuka juani na kusinyaa usiku, silikoni inabanduka tu.

Panda uangalie kwanza upande wa juu, nyuma ya kidirisha, si pale penye doa. Maji yanayoshuka hugonga ukuta wa nyuma wa kidirisha, kisha hutafuta njia pembeni. Pale panatakiwa bati bapa lililokunjwa: ncha ya juu iingie chini ya mabati ya paa, ya chini ilalie yanayofuata. Kwangu Himbi, hapa Goma, fundi alikuwa ameligeuza, maji yakaingia ndani kama yamealikwa. Ubavuni lipande ukutani sentimita 15 hivi, nyuma ya mbao za nje. Misumari iwe mgongoni mwa bati, pale lilipoinuka, na mipira yake ya kuzuia maji.

Moshi wa volkano ya Nyiragongo unatia mvua yetu asidi, kwa hiyo mikunjo hushika kutu mapema. Fagia majivu na majani, paka rangi ya kuzuia kutu Agosti, kabla mvua hazijarudi.

Kenchi zako, mbao zinazobeba paa, sijaziona. Chomeka kisu, kikizama, badilisha mbao kwanza.