Mabua yaliyotiwa yuria na mtamba anayekua

Ukianza kazi kwenye shamba la maziwa pande za Njoro au Molo, huenda ukaonyeshwa majibu ya maabara: mabua ya ngano yaliyokuwa na protini ghafi asilimia 3 au 4 sasa yana 8, baada ya kutiwa yuria, mbolea yenye naitrojeni. Usikimbilie kupunguza mashudu. Maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, iwe imetoka kwenye protini au kwenye amonia inayotokana na yuria. Mtamba hafaidiki na amonia mpaka bakteria wa tumbo kubwa waitumie kuzaana, nao bakteria wanataka sukari au wanga wakati huohuo. Wakikosa, amonia huingia kwenye damu, ini huigeuza kuwa yuria, na sehemu yake kubwa ikatoka na mkojo.

Kwa hivyo molasi au pumba ya mahindi iliwe pamoja na mabua. Ukimpa mabua asubuhi na pumba jioni, umepoteza vyote viwili. Mtamba wa kilo 200 unaweza kumwanzishia kilo 3 za mabua, kilo 1 ya pumba na nusu kilo ya mashudu ya alizeti, pamoja na madini yenye salfa. Mashudu usiyaache: protini ya bakteria peke yake haimtoshi mnyama anayejenga misuli. Ndama ambaye tumbo lake kubwa halijakomaa asiguse mabua haya kabisa. Sisi husubiri afike miezi 6.

Kutengeneza: mabua makavu kilo 100, yuria kilo 4, na maji lita 50 ya kuyeyushia yuria hiyo. Panga tabaka za kilo 20, kila moja nyunyizia lita 10 sawasawa, kanyaga, kisha funika kwa nailoni isiyo na tundu. Joto la Kisumu linamaliza kazi kwa wiki 2 au 3; baridi ya Molo inadai 4. Ukifungua, harufu ichome macho na mabua yawe kahawia. Harufu ikikosekana, hewa ilipenya. Yenye ukungu tupa. Yaliyo mazuri yaanike siku 1 au 2 kabla ya kulisha.

Nyasi nzuri ya kijani usiitie yuria, wala usichanganye molasi wakati wa kufunga. Amonia ikikutana na sukari penye joto hutokea sumu inayomfanya ng'ombe akimbie ovyo, na hupitia kwenye maziwa hadi kwa ndama.

Mnyama akitetemeka, akatoa povu na tumbo likafura, huenda amezidiwa na amonia: ondoa mabua na umwite daktari wa mifugo mara moja. Kama bado anameza vizuri, mnyweshe siki iliyochanganywa na maji baridi mengi.