Mafumbo unayaweza, kwenye mechi huoni kitu: tatizo liko wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini unafumbua mafumbo ya sataranji kila siku na kiwango chako kinapanda, lakini ukimaliza mechi mtandaoni na kufungua uchambuzi unakuta ulipewa malkia wa bure na ukapita naye kimya. Wadau wengi wamekujibu "fanya mafumbo zaidi". Mimi nadhani dawa haipo huko.

Kwanza usilinganishe namba hizo mbili. Kwenye Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, kiwango cha mafumbo na cha mechi havipimwi kwa mizani moja, kwa hiyo usiumie kichwa kwamba kimoja kimekiacha kingine mbali. La pili ndilo zito: fumbo, kwa kuwa ni fumbo, limeshakuambia kuna kitu. Unatafuta mpaka ukipate. Kwenye mechi nafasi ileile inakuja kimyakimya, mpinzani amekosea na yeye mwenyewe hajui, nawe unacheza hatua ya kawaida huku unaangalia saa.

Kwa hiyo mazoezi yanayokufaa ni fursa ulizozikosa wewe, kwenye mechi zako. Lichess ina kitufe cha kujifunza kutokana na makosa: ukishaomba uchambuzi wa kompyuta, inakurudisha kwenye kila nafasi uliyoharibu na kukutaka utafute hatua bora. Ni bure. Tatizo lake ni kwamba Stockfish, injini iliyo nyuma yake (yaani programu inayokokotoa hatua), itakuambia ulipaswa kucheza nini, lakini haijui ulikuwa unawaza nini. Na kilichokufanya ukose kimo kwenye hayo mawazo.

Mimi kabla ya kugusa injini napitia mechi peke yangu, na kwenye hatua ninazozikumbuka naandika maneno mawili matatu: "nalinda e5" (e5 ni jina la mraba ubaoni), "nakula tu", "nilitaka kubadilishana malkia". Fanya hivyo mechi ikiwa bado ya moto, kesho yake utaanza kujitungia sababu nzuri. Ndipo nawasha injini na kulinganisha.

Nilipokuwa na maelezo ya kutosha niligundua kwamba fursa nyingi zilipotea kwenye hatua ambazo hata sikuchagua. Mpinzani kala, nami nikamla aliyekula. Kanitishia kete, nikaikimbiza. Nimeshaongoza, nataka tu kumaliza. Kwenye kula kwa kulipiza ndiko nilikopoteza nyingi kuliko kwingine, na nina dhana yangu: wengi wetu tulikulia kwenye drafti, ambako kula ni lazima, upende usipende. Mkono umezoea. Kwenye sataranji hakuna lazima hiyo. Kete iliyokula yako mara nyingi itaendelea kuwa palepale kwa hatua moja zaidi, na katikati hapo unaweza kupiga cheki (kumtishia mfalme) au kumtishia malkia kwanza, kisha ukarudi kuila.

Nikupe mfano ambao utaukuta mara nyingi. Kila namba ina hatua ya mweupe kisha ya mweusi, na isipotajwa kete basi ni askari. 1. e4 c5 2. farasi f3, d6 3. c3, farasi f6 4. askofu e2. Mweupe hajamlinda askari wake wa e4, na mweusi anamla kwa farasi. Nilivyojibu mimi? Nikahamisha mfalme pembeni na ngome yake, kwa sababu nilichokuwa nawaza ni "nimepoteza askari, angalau nijipange". Wakati huo malkia wangu alikuwa na njia nyeupe kwenda a4: ni cheki kwa mfalme aliye e8, na papo hapo kwa mstari ulionyooka anamtazama farasi wa e4 ambaye hana mlinzi. Akiziba cheki, farasi ameliwa. Fumbo la namna hii ungelimaliza kabla hujakaa vizuri. Sikuona kwa sababu nilikuwa nahesabu hasara, basi kwenye daftari niliandika "nahesabu hasara", sikuandika "shambulio la kete mbili". Jina la mbinu halikusaidii chochote ikiwa unaifahamu tayari.

Kuna ugonjwa mwingine, wa kuona na kuacha. 1. e4 e5 2. farasi f3, farasi c6 3. farasi c3, farasi f6 4. askofu c4. Mweusi anaweza kula e4 kwa farasi. Mweupe akimla farasi huyo, mweusi anasukuma d5, na askari mmoja ameshika askofu na farasi kwa pamoja. Kete inarudi na katikati ya ubao ni yako. Wengi huiona hatua ya kwanza, wanasema "farasi wangu analiwa", wanaishia hapo. Mtu wa namna hii hahitaji kutazama zaidi, anahitaji kuhesabu hatua moja mbele ya pale anapoogopa. Ukiandika sababu utajua wewe ni mgonjwa wa aina gani.

Na usidhani ni sisi wa viwango vya chini tu. Sochi 2014, mechi ya sita ya ubingwa wa dunia, Carlsen alipeleka mfalme d2 kwenye hatua ya 26. Anand angeweza kula e5 kwa farasi na nafasi ingegeuka kabisa. Akasukuma askari a4, na Carlsen akashinda mechi ile. Na huyo Anand alikuwa bingwa wa dunia kwa miaka!

Tahadhari moja. Ukianza kukusanya hizi utapata kichaa cha kupiga kila mahali. Chukua mtego wa Légal: 1. e4 e5 2. farasi f3, d6 3. askofu c4, askofu g4 4. farasi c3, h6. Hapo farasi wa f3 anakula e5 na kumwacha malkia. Mweusi akimla malkia: askofu f7 cheki, mfalme e7, farasi d5, kwisha. Sasa mweke farasi wa mweusi c6 badala ya ile h6. Ukila e5, farasi huyo anakula wako na hapohapo anamlinda askofu wa g4. Umepoteza kete bure. Kila nafasi unayohifadhi, andika pia ni kete gani ikihamishwa mchezo wote unaharibika.

Nyingine zitupe tu. Injini ikikuonyesha mstari wa hatua saba wenye hatua tulivu katikati (isiyo cheki wala kula) ambayo huwezi kuieleza kwa sentensi moja, pita, si wa kiwango chako wala changu. Na mechi za dakika tatu usizichambue kwa namna hii, humo unakosa kwa sababu ya saa. Cheza za dakika 10 au 15. Hata bando halimalizwi haraka.

Zilizobaki zihifadhi kwenye sehemu ya masomo ya Lichess (Study), kila nafasi sura yake, bila kuandika jibu kwenye kichwa cha sura. Halafu changanya humo nafasi za mechi zako zilezile ambazo hazikuwa na pigo lolote, ambapo hatua sahihi ilikuwa kuleta ngome kwenye mstari wazi au kuboresha askofu. Ziwe nyingi, hata kuzidi zile zenye pigo. Ukirudi baada ya wiki kadhaa utafungua sura bila kujua kama kuna kitu au hakuna, kama ilivyo ukiwa kwenye mechi, na hapo utalazimika kuangalia cheki, kula na vitisho vya pande zote mbili kabla ya kuamua kwamba ni nafasi ya kawaida.