Kwa nini A mbili na C moja hazikukupa wastani wa 3.33

Umeuliza kwa nini matokeo yako yanaonyesha wastani wa 3.0 ilhali A mbili na C moja, kwa hesabu yako, zinatoa 3.33. Hakuna aliyekosea kuingiza alama: wastani wa chuo hukokotolewa kwa kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, yaani uzito ambao chuo kimelipa somo hilo, kisha jumla yake hugawanywa kwa krediti zote ulizosajili. Masomo yako mawili ya krediti 2 kila moja, yenye A, yaani pointi 4, yamekupa 16, na lile la krediti 4 lenye C, yaani pointi 2, limekupa 8. 24 ukigawanya kwa 8 unapata 3.0. Somo lenye krediti nyingi ndilo linaloamua, jambo ambalo wengi wetu hulitambua tukiwa tumeshachelewa. Jihadhari zaidi na F, kwa sababu katika vyuo vingi krediti zake hubaki kwenye kigawanyo bila kuhesabiwa miongoni mwa zile zinazohitajika ili kuhitimu. Ukirudia somo, vyuo vingine hufuta alama ya zamani na vingine huhesabu zote mbili, kwa hiyo soma kanuni za mitihani za chuo chako kabla ya kujisajili upya.