Jumapili saa moja asubuhi Jambiani? Usiingie, mkuu

Mkuu mleta mada, hiyo Jumapili ahirisha. Umehamia Unguja kutoka Dodoma juzi tu, unauliza ufukwe gani ni salama kwa kuogelea masafa, kama kuna watu wa kuogelea nao, miwani inauzwa wapi mjini na watoto uanze nao wapi. Sawa. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, umeandika kwamba unakwenda Jambiani, pwani ya mashariki, kuingia saa moja asubuhi "kabla upepo haujaamka", uogelee hadi kwenye mwamba na kurudi. Na Jumamosi mwezi ni mpevu. Hapo niliweka kikombe cha chai chini.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2019. Ufukwe huo huo, saa hiyo hiyo, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimeogelea ziwani tangu sijajua kusoma, na ziwa halina tabia ya kuondoka. Ulipoliacha jana ndipo utakapolikuta leo. Kazini kulikuwa na jamaa mmoja, mzaliwa wa mjini hapa, hodari wa kujua kila kitu. Akaniambia, "Asubuhi bahari imelala, kaka. Nenda saa moja utaikuta kama kioo." Na kweli niliikuta kama kioo. Kinachoniuma ni kwamba hakunidanganya hata neno moja. Upepo ulikuwa umelala. Maji yalikuwa safarini.

Nikamwachia mke wangu nguo, viatu na simu, nikaingia. Kifuani hivi, safi, vuguvugu. Nikapiga mikono kuelekea mwamba, na sijawahi kuogelea vizuri vile maishani. Mkono mmoja ulinipeleka kama mitatu. Nikajisifu moyoni, kumbe mazoezi yanalipa! Mkuu, hayakuwa mazoezi.

Nilipogeuka kurudi ndipo nikajua. Nilipiga mikono mia nzima nikiangalia jiwe moja chini yangu, na jiwe lile ndilo lililokuwa linaniacha, linakwenda pwani peke yake. Majani ya bahari yote yalikuwa yamelala upande mmoja, ncha zikielekea nje, kama nywele zilizochanwa. Masikioni nikaanza kusikia mawimbi yakivunjika.

Hakuna aliyenieleza kwamba ule mwamba wa mashariki si ukuta mzima. Una milango, na maji yote yaliyojaa baina yake na ufukwe yakianza kutoka hukimbilia milangoni. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka kama mita nne. Yakitoka hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kutoka ndipo hukimbia zaidi. Na huku siku za bamvua hujaa kwenye saa kumi alfajiri, yakapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Piga hesabu mwenyewe saa moja inaangukia wapi.

Aliyeniokota ni mzee mmoja na ngalawa yake, akitoka kuvua. Alinivuta juu kama pweza. Hakuniuliza jina.

"Maji yatoka haya, mwanangu. Wendapi?"

Nikasema naogelea tu. Akanitazama kwa muda. "Mie natoka na maji kwa kuwa n'na tanga la kunirudisha. Wewe una nini?"

Nilikuwa na bukta.

Nikadhani sasa ananirejesha pwani. Wapi! Huko nyuma maji yanakauka, na mbele yake kuna riziki ya siku nzima. Basi nikaenda kuvua. Kuanzia saa moja na nusu mpaka alasiri, mgongo wazi, jua la Zanzibar juu yangu. Nilitapika mara nne. Tulipata changu wanane. Nawakumbuka kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ila kuwahesabu. Mzee alikuwa na simu, tena ina salio, akanipa nimpigie mke wangu. Namba yake siijui kichwani. Miaka kumi na moja ya ndoa, nimekaa kwenye ngalawa na simu mkononi, nakumbuka namba ya mwalimu wangu wa sekondari.

Sasa geuza upande wa pili. Mwanamke amekaa ufukweni na viatu vya mumewe. Saa nne maji yamekwisha kabisa, anaona mchanga mpaka kwenye mwamba, na mimi simo. Vijana wamekwenda kwa miguu mpaka ukingoni wakarudi mikono mitupu. Wanawake wanaolima mwani wanapita kwenda kwenye vigingi vyao, mmoja akamwambia, "Kama katoka na maji, msubiri arudi na maji." Mke wangu mpaka leo anasema ni huyo mama aliyemzuia asipige simu Mwanza kuwaambia wazazi wangu.

Nilirudi alasiri, nimebabuka kama ndizi ya kuchoma, nyayo zimechanwa na matumbawe. Pale ulipo umati mtu mzima hasimami na bukta, bibi mmoja akanirushia kanga nikajifunga. Tukapanda daladala ya 309. Mke wangu alinyamaza mpaka Tunguu, na alipoanza kusema nikatamani tungekuwa bado hatujafika Tunguu.

Jumatatu nikamfuata yule mjuzi wangu. Nikamuuliza, wewe huwa unaogelea wapi? Akasema, "Aa, mimi sijui kuogelea, naogopa maji." Sikumpiga. Nina wiki mbili za kuchechemea ambazo ni za kwake, siku moja nitamlipa. Watu kama hawa wamejaa, na mahotelini pia wamo: ukimuuliza anaangalia bahari, anaona haina wimbi, anakujibu "salama kabisa". Wimbi halikuwa tatizo langu.

Kwa hiyo usiniulize ufukwe gani. Uliza saa ngapi. Ingia maji yakiwa yanaingia, na uwe umetoka kabla hayajageuka. Wakati huo ukichoka yanakurudisha pwani yenyewe. Kila siku saa zake zinasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai. Waulize wavuvi au wale mama wa mwani, "maji yanageuka saa ngapi?", watakujibu bila kutazama simu. Usipomwona mtu, tazama vyombo vilivyotia nanga pasipo na upepo: pua ikielekea pwani, maji yanatoka, kaa mchangani. Na kama bado unajipima, subiri siku za maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana, mwezi ukiwa nusu.

Watakuambia nenda Nungwi au Kendwa, kule maji hayaachi ufukwe mtupu kama huku mashariki. Ni kweli, na mimi huenda. Lakini kule rasini mkondo unapita, na kanuni ni ile ile. Forodhani usiwaige vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Wao maji wanayajua, tena hawarukii yakiwa yamepwa, na maji machafu ya Mji Mkongwe yanaishia bahari hiyo hiyo.

Jumapili maji yatageuka kuingia kama saa nne na nusu asubuhi. Ingia saa nane mchana, saa tisa na nusu uwe unajifuta, na uogelee sambamba na ufukwe. Mwamba uache ulipo. Mimi na mke wangu tutakuwepo kuanzia saa saba. Yeye ndiye anayekaa na nguo, na siku hizi kabla sijaingia ananiambia nimtajie namba yake kwa sauti.