Mikono Mitatu, Chumba Kimoja

Fundi wa rangi anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo Fundi. Tunatengeneza vifuniko vya feni za mota, vya bati la chuma, ukubwa wa sahani ya kupakulia. Kila kimoja kinapigwa praima, rangi, halafu kliya, ile rangi angavu ya kumalizia. Karakana ni mita 5 kwa 8, na chumba cha kupulizia kiko kona moja. Kila tukipiga mkono mmoja, yaani tabaka moja, tunavitoa vifuniko vibichi na kuvipanga kwenye rafu, hadi hatuna pa kukanyaga. Bosi anataka tujenge chumba cha pili, praima iwe na chake na rangi ya juu iwe na chake. Nafasi itatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kugusa ukuta, chukua saa ukasimame nyuma ya mpiga rangi wenu. Pima kifuniko kimoja kinakaa muda gani mbele ya bunduki ya kupulizia. Naamini hakifikishi dakika 2. Sasa pima kinakaa muda gani rafuni kikingoja mkono unaofuata. Umeona nafasi yenu imekwenda wapi? Kupiga rangi hakuli nafasi kubwa, ni kungoja ndiko kunakokula. Chumba cha pili kitawaongezea mahali pa kupiga, ambapo tayari mnapo, na kitamega hapo hapo mnapongojea.

Somo hili nililipata kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye karakana yenye vyumba viwili vinavyotazamana, na kazi yangu ilikuwa kubeba vipande vibichi kutoka cha praima kwenda cha rangi, kwenye trei. Jioni moja mkono wa ovaroli ukagusa ukingo wa kipande, praima ikaja na kiwiko. Nikageuka kutazama nimeharibu nini, kiwiko kikafuta cha pili. Tulipiga msasa vipande 14 usiku ule. Msimamizi wetu, mzee wa maneno machache, hakunigombeza. Wiki iliyofuata alikuja na habu ya gurudumu la gari bovu, akachomelea bomba la wima, na juu ya bomba akapanga mikono 8 ya nondo kama mbavu za mwavuli. Ncha ya kila mkono akaweka kulabu inayozunguka kwenye beringi ndogo. Akakisimika chombo chake ndani ya chumba kimoja, na kile cha pili tukakifanya stoo.

Hesabu yake ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Praima tuliyotumia ilihitaji kama dakika 12 kupumua, yaani kuachia thina, kabla ya kupokea rangi. Kupiga kipande kimoja pande zote kulichukua dakika moja na nusu. Gawanya 12 kwa moja na nusu, unapata 8. Kwa hiyo ukipiga cha kwanza, ukausukuma mwavuli hatua moja, ukapiga cha pili, hivyo hivyo hadi cha nane, cha kwanza kinakurudia mbele ya pua kikiwa kimeshapumua dakika 10 na nusu, na muda wa kusukuma mwavuli na kubadili bunduki unakaribia kuzimalizia zile 12. Unaweka chini bunduki ya praima, unachukua ya rangi, unaanza duru ya pili. Hakuna kilichobebwa wala kilichopangwa rafuni. Idadi ya mikono ya mwavuli wenu itatoka kwenye saa yenu, usiige 8 yangu. Angalia karatasi ya maelekezo ya rangi mnayotumia: imeandikwa muda wa chini wa kungoja kati ya mkono na mkono, na mara nyingi imeandikwa pia muda wa juu, ambao ukipita inabidi upige msasa kwanza.

Kwa vifuniko vya upana wa sentimita 30 hivi, mikono 8 inaenea kwenye duara lisilofika mita 2. Na kwa kuwa kulabu inazunguka, mpiga rangi hahitaji njia ya kukizungukia kipande. Anasimama mahali pamoja, kipande kinamgeukia.

Msipochunga haya yafuatayo mtanitukana. Upepo wa chumba, ambao kwa kawaida hulengwa uwe kama mita 0.5 kwa sekunde, unatoka upande wa hewa safi na kuishia kwenye vichujio. Mahali pa kupigia pawe karibu na vichujio, vinavyongoja viwe upande hewa inakotokea. Mkigeuza, ukungu wa rangi utavikalia vile vibichi na kuvifanya viwe vya mchanga mkivigusa. Bado wekeni kipande cha bati lililosimama, kizuizi kati ya kinachopigwa na jirani zake wawili. Bunduki ziwe tatu, kila moja na kazi yake, maana kusafisha bunduki moja mara tatu kila duru kutakula muda wote mliookoa. Na beringi ya habu ipakeni grisi isiyo na silikoni. Kijana mmoja aliwahi kutunyunyizia beringi kwa mafuta ya silikoni ya kopo. Tulichokipata asubuhi ile ni vipande vilivyojaa vidimbwi vidogo vya duara, rangi imejikunyata pembeni na chuma kinachungulia katikati. Thina haikusaidia. Tulikwangua hadi chini, na chumba kizima tukakifuta.

Praima nayo ichagueni ile inayokubali kupigwa rangi juu ikiwa bado mbichi, bila msasa. Mkihitaji msasa katikati, duara limekatika. Viwanda vya magari vimekwenda njia hiyo hiyo kwa ukubwa wao: Mazda mwaka 2002 walianza kupiga tabaka tatu, moja juu ya nyingine zikiwa bado mbichi, na kuzichoma mara moja mwishoni. Oveni iliyokuwa inakaushia praima peke yake ikaondoka njiani.

Mkimaliza kliya, acheni ipumue, kisha toeni kipande kwa kushika kulabu yake. Msikishike chenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kulabu ndefu.

SWALI: Sisi ni kiwanda chenye mnyororo wa juu unaobeba vipande, unaotembea mita 1.5 kwa dakika. Tunataka kuongeza mkono wa pili wa rangi lakini jengo halina nafasi tena. Kalkuleta inasema tunahitaji mita 45 zaidi. Tufanyeje?

JIBU: Kalkuleta yenu haijakosea. Dakika 10 za kupumua kwa mwendo huo ni mita 15, na dakika 20 za oveni ni mita 30. Lakini imejibu kama vile mwendo wa mnyororo ni amri ya mbinguni.

Nilipotembelea kiwanda kimoja chenye kilio kama chenu, nilitembea chini ya mnyororo nikihesabu kulabu tupu. Kati ya kila vipande viwili kulikuwa na hewa ya kutosha kuning'iniza kingine, na chini ya kila kipande kulikuwa na nusu mita inayoning'iniza upepo tu. Ukitundika kipande juu na kingine chini kwenye fremu moja, unaweza kupunguza mwendo hadi mita 0.75 kwa dakika na bado ukatoa idadi ile ile kwa saa. Kwa mwendo huo kupumua kunataka mita 7.5, na oveni mita 15. Mita 45 zimekuwa 22 na nusu kabla hujanunua hata boliti. Na kwa hesabu hiyo hiyo, oveni mliyo nayo tayari itahitaji nusu tu ya urefu wake, kwa hiyo humo ndani mtapata urefu wa ziada.

Kisha ulizeni: je, mkono wa pili lazima uwe na oveni yake? Kama rangi zinakubaliana, pigeni wa kwanza, upumue, pigeni wa pili, halafu oveni moja. Mita zinazobaki za kupumua zikunjeni, mnyororo uende na kurudi kama nyoka, au upande juu. Dari za viwanda vingi hazina kazi. Oveni yenyewe ikikaa juu, mnyororo ukapanda kuingia na kushuka kutoka, joto linabaki ndani lenyewe, kwa sababu hewa ya moto haishuki mlangoni.

Onyo moja: pale pa kupumulia pawe na hewa inayotolewa nje. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo na mifereji. Mkikunja njia na kuziba kila upande ili kuokoa nafasi, mmejenga tangi la mvuke jirani na oveni. Hapo sitanii.

SWALI: Fundi, kwa nini nisipige mkono mmoja mnene badala ya mitatu? Unene si ni ule ule?

JIBU: Jaribu kwenye bati la majaribio ukaone. Ukilitundika wima, kwanza rangi italia machozi kwenye ukingo wa chini. Ikinusurika hapo, juu itafunga ngozi huku chini thina bado iko. Ukiipeleka oveni, thina inachemka, inatafuta njia, inatoboa ngozi. Utaona vitundu kama vya sindano, vingi zaidi pale ulipopiga nene.

Unene wenyewe pima ungali mbichi kwa kile kichana cha chuma chenye meno ya urefu tofauti: unakikandamiza, unatazama jino la mwisho lililolowa. Ukipata mikroni 100 na rangi yako ina yabisi, yaani kinachobaki thina ikishatoka, asilimia 40 kwa ujazo, ikikauka itabaki mikroni 40. Wengi husahau hesabu hii, wakashangaa rangi "imekwenda wapi".

Na unapoweka oveni nyuzi 80, kumbuka hizo ni nyuzi za hewa. Chuma kinene kinafika kwa kuchelewa. Dakika zilizoandikwa kwenye karatasi huanza kuhesabiwa chuma chenyewe kikishapata moto.

SWALI: Kliya yetu ina hadina, ile dawa ya kuikaza. Chumba ni kidogo na kina feni nzuri, mpiga rangi wetu anatumia barakoa ya vumbi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi hata kidogo. Hadina nyingi za kliya zina kemikali iitwayo isosianeti, ambayo huleta pumu, na mtu akishapata mzio, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumbana kifua. Haina harufu ya kukutahadharisha mapema. Mpeni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, na asiivue mara anapoachia bunduki. Ukungu unabaki hewani kwa muda. Kama hamwezi kuinunua, tafuteni kliya isiyo na hadina hiyo.

SWALI: Tuna bunduki ya chaji ya umeme. Ilipokuwa mpya rangi ilikuwa inazunguka hadi nyuma ya bomba bila kuligeuza. Sasa nyuma panabaki pakavu, na rangi nyingi inaishia ukutani. Fundi aliyekuja amesema tununue nyingine.

JIBU: Msinunue bado. Toa kulabu moja uikwangue kwa kisu. Kama kisu kinakata tabaka la praima, tabaka la rangi, tabaka la kliya, kisha praima tena kama kitunguu, basi umeshaona mgonjwa ni nani. Rangi yenye chaji hukimbilia chuma kilichoungwa na ardhi. Kulabu iliyovaa rangi pande zote haipitishi umeme, kipande kinabaki kinaelea bila ardhi, na rangi inakwenda kutafuta chuma kingine, mara nyingi ukuta au suruali ya mpiga rangi. Tena kipande cha namna hiyo kinaweza kujaza chaji na kutoa cheche mkikigusa, ndani ya chumba chenye mvuke.

Pima kwa mita kati ya kipande na ardhi, isizidi megaomu 1. Kulabu zote zichomwe au zikwanguliwe hadi chuma king'ae pale zinapogusana na kipande na pale zinapogusana na mnyororo. Ukishafanya hivyo na nyuma bado pakavu, niandikie tena, uniambie rangi yenu ni ya maji au ya thina.